Ukungu wa Soksi

Aarhus, 12 Septemba

Shangazi Elspa,

Shikamoo. Huku Denmark hatujambo, isipokuwa Mikkel wangu ana mafua na anajiona ni mtu wa kwanza duniani kuugua mafua. Soksi zimefika, ahsante. Na ule mguu wa kondoo uliokaushwa kwa upepo umefika pia. Tumeuhamishia chini kwenye chumba cha baiskeli, maana jirani wa ghorofa ya juu alikuja kugonga mlango kuuliza kama kuna kitu kimekufa humu ndani. Nikamwambia ndiyo, kilikufa mwaka jana, karibu uonje. Hajarudi tena.

Habari yangu kubwa ni kwamba nimepata kibarua. Chuo cha huko nyumbani kimeniomba nisahihishe insha za kozi ya lugha na masimulizi, wale wanafunzi wanaosoma kwa mtandao wakiwa makwao. Mchana naendelea na utafiti wangu wa shahada ya uzamivu, jioni nasahihisha.

Mwaka huu wameweka mambo mapya kwenye mfumo wao, na mimi yamenifurahisha kama mtoto. Kwanza, majina yamefichwa. Mimi naona “Mwandishi 9” au “Mwandishi 22”, na wao wananiona “Msahihishaji B”, basi. Kwa visiwa vyetu, ambako mtu akipiga chafya Klaksvík watu wanajua ni mtoto wa nani, hili lilichelewa sana. Pili, kuna jedwali la vigezo: hoja, ushahidi, lugha, marejeo. Unabonyeza kisanduku, alama zinajijumlisha zenyewe. Tatu, na hili ndilo tamu, kuna ghala la maoni. Sentensi unayoiandika kila mara unaihifadhi, halafu ukiitaka unaigusa tu, nayo inaanguka pembeni mwa insha. Insha iliyokuwa inanilia jioni nzima sasa naimaliza kabla chai haijapoa.

Niambie habari za dume jipya la kondoo, na za goti lako. Tena usiniandikie kwamba goti halijambo.

Wako, Durita

&nbsp;

Svínoy, 6 Oktoba

Durita mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilikwama Hvannasund, kwa sababu bahari ilichafuka na boti haikuvuka. Goti halijambo. Dume jipya ni zuri kwa umbo, lakini kichwani hamna kitu. Limenasa kwenye uzio wa jirani Sámal, limenasuliwa, likarudi kunasa palepale. Sámal anasema limeniiga mimi. Nimemwambia ndiyo maana linapenda uzio wake, linamwonea huruma.

Mpe pole Mikkel. Mchemshie supu, usimchekee usoni.

Nimenunua kompyuta. Ni ya kuangalia utabiri wa hali ya hewa, kwa hiyo usianze maswali yako.

Huo mfumo wenu nimeusoma na kuurudia. Kuficha majina ni jambo jema. Kuna watu hapa kwetu hawathubutu kuandika hata tangazo la kupotea paka kwa kuogopa kujulikana. Ila hilo ghala, mwanangu, sijalielewa vizuri. Huyo Mwandishi wa namba atajuaje kama aliyeangusha sentensi ile aliisoma insha yake mpaka mwisho? Nauliza tu.

Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukinisimulia hadithi zisizo na mwisho, mimi nikifuma. Ukinyamaza nilikuwa nakuambia, “Endelea, nakusikiliza.” Labda na mimi nilikuwa na ghala, lakini lilikuwa na sentensi moja, na nilikuwa nasikiliza kweli.

Hizo alama zenu zinatoka lini? Nauliza tu.

Shangazi yako, Elspa

&nbsp;

Aarhus, 20 Novemba

Shangazi,

Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zimenifika shingoni. Mikkel amepona, sasa anasimulia jinsi alivyopona. Hapa baridi imeingia ile ya maji, inayopita ndani ya koti.

Wewe na kompyuta! Sawa, siulizi. Lakini utabiri wa hali ya hewa ulikuwa unautoa bure kwenye goti.

Insha za awamu ya kwanza nimezimaliza juzi, na alama tayari wanazo. Zilikuwa nzuri na mbaya, kama kawaida. Ngoja nikuchekeshe kidogo. Kuna mmoja kaandika juu ya majina ya ukungu, yanavyotumika watu wakienda kukusanya kondoo mlimani. Mada nzuri mno. Lakini Shangazi, mtu huyo hakutaja chanzo hata kimoja. Kila aya ni “kila mtu anajua” hivi, “kila mtu anajua” vile. Nikawa nagusa ghala langu tu: Dai hili halina ushahidi. Dai hili halina ushahidi. Mpaka Mikkel akaniuliza mbona nabonyeza kama nagonga misumari. Nimempa 00.

Unajua alama zetu zilivyo za ajabu: 02 umepita kwa kusukumwa, 12 ndiyo ya juu kabisa, na 00 hujapita. Anaweza kuiandika upya mara moja, mwezi Juni. Akianguka tena, kozi imekwisha kwake. Namtakia heri, lakini na yeye ajue kwamba chuo si jikoni kwa mtu.

Niandikie kabla ya Krismasi. Nyama mmekausha nyingi mwaka huu?

Wako, Durita

&nbsp;

Svínoy, 19 Januari

Durita,

Barua yako niliipata mapema Desemba. Krismasi tumekula salama. Nyama ipo. Goti linauma.

Kuna mama mmoja ninayekutana naye kwenye boti. Anasoma kozi kama hizo zenu. Hataki watu wajue, kwa hiyo na wewe usimuulize mtu. Aliandika kazi yake vuli nzima, akiamka kabla ya kondoo. Kwa kuwa anaishi peke yake, hakuwa na wa kumsomea, akawa anajisomea mwenyewe kwa sauti, kwenye kibanda cha kukaushia nyama. Kisha akaletewa majibu. Sentensi moja, ileile, pembeni ya kila ukurasa. Ameniambia kwamba alijiona kama mtu aliyekuwa akiongea na mashine ya kukatia tiketi.

Alipoandika “kila mtu anajua”, hakuwa mvivu. Kisiwani kwake wanaobaki majira ya baridi hawajazi hata kanisa. Akisema kila mtu anajua, ina maana amewauliza wote.

Ni hayo tu. Mvua ya mawe imevunja kioo cha jikoni, Sámal amekuja kukiziba na kula mkate wangu wote.

Elspa

&nbsp;

Aarhus, 3 Februari

Shangazi yangu,

Barua yako imeniumiza, na nashukuru umeiandika. Nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni na koti mwilini.

Kama mama huyo ndiye mwandishi wa ile insha ya ukungu, tafadhali usiniambie. Siruhusiwi kumjua. Na kama siye, basi kuna wawili waliotendewa hivyo, na ni vibaya zaidi.

Nimeingia kwenye mfumo na kulifuta ghala langu lote. Mikkel anasema nimeingiwa na wazimu, kwa sababu sasa insha moja inanilia tena jioni nzima. Na iwe hivyo. Kuanzia sasa nitaandika kila neno mwenyewe, kwa kila mtu.

Ukimwona kwenye boti, mwambie hivi. Anaruhusiwa kutuma rasimu mwezi Machi, kabla ya ile ya mwisho ya Juni, na itarudi kwa msahihishaji yuleyule. Mwambie “kila mtu anajua” inageuka ushahidi ukisema ni nani anajua. Aandike majina yao au herufi zao, umri wao, wanaishi wapi, alizungumza nao lini. Chuo kinakubali ushahidi wa mdomo, kikionyeshwa mdomo ni wa nani. Ningemwambia haya tangu Novemba kama ningetumia vidole vyangu badala ya ghala.

Na mwambie insha yake ilikuwa na uhai. Niliuona. Sikuusema kwa kuwa haukuwa na kisanduku kwenye jedwali.

Goti umelipeleka kwa daktari Klaksvík au unalisubiri lijitibu?

Mwanao, Durita

&nbsp;

Svínoy, 14 Aprili

Durita mwanangu,

Habari za masiku. Daktari ameliona goti. Amesema ni uzee, nikamwambia hilo hata Sámal ningemlipa kikombe cha kahawa angeniambia. Wanakondoo wameanza kuzaliwa, na wengi wana sura ya mshangao kama baba yao. Hewa inanukia majani. Nikiamka nasikia ndege kabla sijafungua macho, na nafurahi kwamba bado nipo.

Yule mama wa kwenye boti anakushukuru. Alifanya kama ulivyosema, akawafuata watu mmoja mmoja na karatasi. Wengine walimkimbia wakidhani anakusanya michango ya kanisa. Rasimu yake aliituma Machi, ikarudi na maandishi pembeni, marefu, ya mtu aliyesoma. Penye aya aliyotaka kuifuta, kwa kuwa aliona ni porojo, msahihishaji alikuwa ameandika, “Endelea, nakusikiliza.” Ameniambia alilazimika kuinuka, akaenda nje kuangalia kondoo ambao hawakuhitaji kuangaliwa.

Nilimuuliza kwa nini anajitesa na shule katika umri ule. Akasema alikuwa chuoni zamani, akiwa msichana. Alisoma mwaka mmoja. Kisha nyumbani kwao kukawa na mtoto mdogo wa kulelewa, mama yake mtoto yuko hospitalini Denmark na baba yuko kwenye meli ya uvuvi, basi akarudi kisiwani. Anasema hajuti hata siku moja, na nisiseme kwamba anajuta. Ila vitabu aliviacha kwenye sanduku, na sanduku lilikuwa likimwangalia.

Sasa nina swali, na hili siulizi tu. Msahihishaji akimtambua mwandishi, mfumo unasemaje? Anafanya nini?

Elspa

&nbsp;

Aarhus, 2 Mei

Shangazi,

Nakuandikia mbiombio, nina mkutano. Sote wazima. Mwambie mama yule nimefurahi.

Swali lako ni rahisi. Kuna kitufe juu ya ukurasa kilichoandikwa “Namfahamu mwandishi”. Ukikibonyeza, insha inatoweka mbele yako hapohapo na kwenda kwa mtu mwingine. Huulizwi sababu. Na hutaiona tena, wala alama yake hutaijua. Mimi sijawahi kukibonyeza.

Mbona umeuliza?

Durita

&nbsp;

Aarhus, 21 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara nyingi, na kila mara nilianza na mafua ya Mikkel ingawa hana mafua. Basi leo naanza na ukungu.

Wiki iliyopita niliipokea insha ya mwisho ya Mwandishi 14, yule wa ukungu. Nilijitengenezea chai, nikakaa. Ilikuwa nzuri, Shangazi. Kila jina la ukungu lilikuwa na mtu wake: ukungu unaopanda kutoka baharini, ukungu unaoshuka mlimani, na ule unaoingia kama moshi kati ya visiwa. Halafu katika ukurasa wa mwisho nikakutana na ukungu wa soksi. Ule unaolala chini kabisa, ukawaona kondoo vichwa na migongo lakini miguu huioni, kana kwamba wote wamevaa soksi nyeupe. Na kwenye orodha ya watoa habari, chini kabisa: “D., wa kike, miaka minne, Svínoy. Alilisema akiwa mabegani mwa mwandishi.”

Neno hilo halimo kwenye kamusi. Halisemwi Klaksvík wala Tórshavn, wala hata nyumba ya pili hapo Svínoy. Nimelitumia maisha yangu yote nikidhani ni neno la watu wote. Niliwahi kulisema darasani hapa wakanicheka, nikadhani Wadenmarki hawajui ukungu.

Chai ilipoa. Nilishaanza kubonyeza jedwali: hoja, juu kabisa; ushahidi, juu kabisa; lugha, juu kabisa. Mfumo ukajumlisha, ukaniletea 12. Nikaitazama ile 12 na sikujua imetoka kwenye insha au imetoka kifuani kwangu. Nilisoma tena. Sikuweza kujua. Na nilijua kwamba nikiondoka, kuna mtu baki atakayeishika, asiyejua lolote, anayeweza kuandika 00 na kufunga mlango. Nilikaa nayo siku kadhaa bila kumwambia mtu, hata Mikkel. Niliogopa, Shangazi. Sijawahi kukiogopa kitufe hivyo.

Nimekibonyeza. Ikatoweka kama nilivyokuambia. Sijui iko kwa nani.

Ukimwona yule mama kwenye boti, mwambie msahihishaji wake hakuondoka kwa sababu insha ni mbaya. Na mwambie kuwa yule mtoto aliyelelewa hakujua. Hakuna aliyewahi kumwambia kulikuwa na sanduku. Angejua, angelifungua yeye mwenyewe zamani, amletee vitabu vyake jikoni kimoja kimoja.

Akianguka kwa sababu yangu, sijui nitamtazamaje.

Mwanao, Durita

&nbsp;

Svínoy, 8 Julai

Durita wangu,

Marahaba, marahaba sana. Barua yako imekuja na boti ya leo, nami najibu boti hiyohiyo isiondoke bila jibu. Sámal amesimama gatini anawapigia mabaharia domo ili wachelewe.

Yule mama wa kwenye boti ni mimi. Unajua ni mimi na mimi najua unajua, kwa hiyo tumwache apumzike, amefanya kazi kubwa.

Nilijua ni wewe tangu barua yako ya Novemba, uliponichekesha na insha yangu mwenyewe. Sikucheka. Nilikaa Krismasi nzima nikiwa nimekununia, na ndiyo maana barua ilichelewa, si bahari. Nisamehe, na mimi nimekwisha kukusamehe. Chuo si jikoni kwa mtu, kweli. Lakini wewe umefundishwa kusoma jikoni kwangu.

Sikukuambia kwa sababu mbili. Moja ni kwamba nikianguka, nilitaka nianguke peke yangu. Ya pili ni ile ya sanduku. Ningekuambia, ungeanza kujiona una deni, na huna. Ulikuwa na miaka miwili, ukanikumbatia shingo, na mimi nikasahau kila kitu nilichokuwa nimekaririshwa. Nakuambia ukweli wa Mungu: nilibadilishana kwa furaha. Ila mtu anaweza kufurahia alichopata na bado akataka kwenda kuona alichoacha.

Sasa sikiliza. Unadhani neno lile lilinitoka kwa bahati mbaya? Mimi nililisikia likizaliwa, nilikuwa nimekubeba. Najua vizuri kwamba si neno la mtu mwingine yeyote. Niliuliza habari ya kitufe, ukanijibu, nikakaa nikafungua tena insha iliyokuwa imeshakwisha, nikaliweka pale mwisho ili uligonge. Nilitaka ukibonyeze.

Wewe ungenipa 12. Nisingejua mpaka naingia kaburini kama ile 12 ni yangu au ni ya shingo iliyokumbatiwa. Maisha yangu yote nimepimwa na watu wanaonipenda au wanaonijua, na hapa Svínoy ni walewale. Nilitaka mara moja tu nisomwe na mtu asiyenijua hata kwa jina.

Na sikuwa na wasiwasi kama ungekibonyeza. Nani kakulea? Wasiwasi wangu ulikuwa huyo mgeni. Wiki zile nilifuma soksi bila kukumbuka kuifunga, na sasa ina urefu wa kumfaa twiga. Nitampa Mikkel.

Alama imetoka juzi. Nimepata 7.

Saba, Durita. Ya mtu baki. Sámal amepandisha bendera na hajui ni ya nini, nimemwambia tu apandishe.

Msahihishaji mpya amenikosoa lugha mahali pengi, na ana haki. Lakini kwenye ukurasa wa mwisho, pembeni ya ukungu wa soksi, ameandika kwa maneno yake mwenyewe: “Neno hili sikuwahi kulisikia, na tangu niliposoma naliona kila asubuhi nje ya dirisha langu. Je, mtoa habari D. bado yuko hai? Ningependa kuzungumza naye.”

Nimemjibu kwamba yuko hai, ni mkubwa sasa, ana macho ya kusoma, na anakuja nyumbani na boti ya mwisho wa mwezi, ukungu ukimruhusu.

Usinifanye mwongo.

Shangazi yako,
Mwandishi 14